Bibi Asiyekuwamo Kwenye Video

Sista alitazama wimbo ule mpaka mwisho bila kupepesa macho, kisha akaomba urudiwe. Protasi, mwenye banda la video, alimtupia jicho Sajenti Ng'washi, polisi wa kike, ili ajue kama anaruhusiwa kucheka. Hakuruhusiwa. Akabonyeza deki. Nje jenereta ilikuwa ikikohoa. Ilikuwa asubuhi, lakini ndani mlikuwa na giza la kutosha kwa sababu madirisha yalizibwa kwa magunia ya kahawa, na mabenchi yalinuka jasho la watu wa juzi.

Kwenye televisheni akatokea tena kijana aliyejichora fuvu usoni, amevaa koti jeusi refu, anarap katikati ya makaburi. Maneno yalimtoka kama bisi zinazopasuka sufuriani. Nyuma yake alipita bibi arusi aliyefunikwa shela mpaka kiunoni, akiwa na mshumaa. Kisha machinjio yenye ndoano, damu ukutani, mwanasesere asiye na kichwa. Tangu sidii ile iingie kutoka Bujumbura, Kabanga nzima ilikuwa ikibishania lugha yake. Wabadilisha fedha wa mpakani walisema ni Kireno. Katekista aliapa kwamba ni Kilatini kinachosemwa kinyumenyume ili kuita mashetani. Kumbe ni Kihispania, na Sista wa zahanati, aliyezaliwa Hispania akazeekea Ngara, ndiye pekee aliyeweza kulimaliza bishano hilo.

"Anasema nini?" Ng'washi aliuliza.

"Anasema msichana wake amemwacha."

"Hilo tu?"

"Anasema pia kwamba anaimba kuliko wenzake wote, na wenzake wana wivu. Hilo analirudia sana." Sista alivua miwani akaifuta. "Msichana hapokei simu. Basi."

"Na damu?"

"Damu ni mapambo, mwanangu. Kwenye maneno hamna damu."

"Umeona bikizee yeyote?"

"Hakuna bikizee."

"Mwenye ungo? Ndani ya ungo kuna kichwa cha mtoto?"

Sista alifanya ishara ya msalaba. Mwishoni mwa wimbo bibi arusi alifunua shela, na chini ya shela alikuwa ni yule yule kijana wa fuvu, amejipaka rangi ya mdomo. Protasi akazima.

Ng'washi alikuwa na maelezo ya mashahidi wengi, na wote walisema jambo moja: waliona kwa macho yao, kwenye video, bibi mzee amebeba ungo wenye kichwa cha kitoto. Mmoja alieleza mpaka rangi ya khanga yake. Watu wa Kabanga si waongo kuliko watu wa mahali pengine. Walikuwa wamekaa gizani, mtu mwenye maiki akawaambia wanachokiona, nao wakakiona.

Mtu huyo wa maiki alikuwa Nduwayo, mkimbizi kutoka Burundi, ambaye watu walimwita Dijei. Mtafsiri wa banda la video hatafsiri chochote, na anayemtaka atafsiri aende chuo kikuu. Kazi yake ni kuchukua Wachina na Wamarekani akawageuza kuwa majirani zako. Jasusi anakuwa kinyozi wa sokoni, jambazi anakuwa muuza pombe, na watu hulipa kiingilio ili wasikie leo nani kaguswa. Anayetajwa hutembea kifua mbele kesho yake.

Jioni ya Jumanne iliyopita, banda likiwa limejaa na wimbo ule ukipigwa kwa mara ya pili, mtu alipita nje akipiga kelele za moto. Walitoka mbio na ndoo. Nyuma ya stendi ya mabasi nyumba ya Bibi Adelfina, mjane wa miaka mingi, ilikuwa ikiwaka, naye akiwa ndani anagonga mlango. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kwa waya. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kuufungua waya ule. Lakini watu wale walikuwa wametoka kumwona bibi huyo dakika chache tu zilizopita, na ungo wake, na kichwa cha kitoto. Walishusha ndoo chini wakasimama wakatazama. Hili hakuna aliyeliandikisha kituoni. Ng'washi alilazimika kulitoa midomoni mwao tone kwa tone, na kila aliyelisema alitazama viatu vyake.

Mkuu wa upelelezi wa wilaya alikwisha kuona njia fupi. Nduwayo ndiye aliyewasha watu, basi Nduwayo ndiye aliyewasha nyumba, pamoja na wenzake wasiojulikana. Jalada lilitakiwa liende kwa mwanasheria Ijumaa, shtaka likiwa mauaji. Mrundi hana mtu wa kumpigia mkuu simu.

"Protasi," Ng'washi alisema Sista alipokwisha kusindikizwa, "jioni ile Dijei aliwataja nani?"

"Wengi, Afande. Machinjio yale alisema ni bucha ya Leonidasi. Leonidasi mwenyewe alikuwapo, akacheka mpaka akadondoka benchini."

"Na bibi arusi?"

"Alipofunua shela Dijei akasema, kumbe ni Bulugu, dereva wa lori. Bulugu alirusha kandambili, almanusura aipasue televisheni yangu."

"Na bibi wa ungo alimwita nani?"

"Huyo hakumwita jina."

"Hata mara moja?"

"Alisema yule bibi wa nyumba ya bati jekundu nyuma ya stendi. Yule mama wa mgomba uliopinda. Kila mtu akajua ni Adelfina."

"Leonidasi mwenye kisu anatajwa, Bulugu mwenye hasira anatajwa. Kikongwe asiye na meno, jina lake linazungukwa."

"Labda aliogopa uchawi."

"Labda," Ng'washi alisema.

*

Mahabusu ya kituo cha Kabanga ilikuwa na chumba kimoja cha kulala na kimoja cha kuwekea baiskeli zilizokamatwa. Nduwayo alitolewa akakalishwa mbele ya meza. Alikuwa mwembamba, ila sauti yake ilikuwa nene na tamu, na ndiyo iliyomponza.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Kihispania unakijua?"

"Hapana. Kichina nacho sikijui, na nimekitafsiri miaka mitatu, kambini na hapa."

Konstebo Jovitus, Mhangaza mwenyeji wa Ngara, mnene, aliyekuwa akisubiri kustaafu tu, alicheka kwenye kona yake. Ng'washi hakucheka.

"Bibi wa ungo ulimtoa wapi?"

"Kichwani mwangu."

"Uliwahi kufika nyuma ya stendi?"

"Mkimbizi aliyetoka kambini hatembei mchana, Afande. Nilikuwa naingia bandani kwa mlango wa nyuma, natoka kwa huo huo."

"Marehemu alikuwa akiitwa nani?"

"Adelfina."

"Jina hilo ulilijua lini?"

"Siku mliponikamata. Konstebo huyu ndiye alinisomea."

"Ulijua bati lake ni jekundu. Ulijua mgomba wake umepinda. Ulijua kwamba wajukuu zake wawili walikufa wachanga, maana ulilisema kwenye maiki. Ila jina hukulijua."

Nduwayo aliinamia ukingo wa meza.

"Nani alikuhadithia?"

"Nimesema nilibuni."

"Kwa kosa hili watu wananyongwa."

"Najua."

Alilijibu hilo polepole, bila kuuliza kama kuna namna nyingine. Ng'washi alikuwa amehoji wezi ambao wangemtaja mama yao mzazi kwa kipande cha sigara. Mtu anayekubali kitanzi bila hata kubembeleza ana kitu anachokificha, na mara nyingi kitu hicho kinapumua.

"Una mke?"

"Hapana," Nduwayo alisema, upesi mno.

*

Wakazi wa Kabanga walikuwa na mshukiwa wao mwingine, na walimtaja kwa kunong'ona kwa sababu alikuwa mwenzao: Priscila, mke wa Frednand, mtoto wa kiume wa marehemu. Frednand alikuwa kibarua Mwanza. Watoto wawili waliokufa walikuwa wa Priscila, na mwaka jana yeye na mama mkwe wake walichafuana bombani mpaka ndoo zikaruka. Nani mwingine angejua habari za wale wachanga? Nani mwingine alikuwa na uchungu kiasi hicho?

Walimkuta anamenya ndizi uani, kitambaa cheupe kichwani. Aliwakaribisha kwa "Bwana asifiwe" na kuwapa vigoda.

"Nasikia mlikosana na mama mkwe wako," Ng'washi alianza.

"Nilikosana na Adelfina, ndiyo."

Jovitus, aliyekuwa akiandika, aliinua kalamu akamkazia macho.

"Mligombea nini?"

"Adelfina alikuwa mtu wa mila. Mimi nimeokoka. Nilimwambia, Adelfina, sisi kwa Yesu ni ndugu."

"Mama," Jovitus aliingilia, sauti ikiwa na kero ya kweli, "huyo ni mama mkwe wako unayemtaja hivyo."

"Mlikuwa mkinitaka nimwiteje, Konstebo? Yule wa nyumba ile? Hayo ni mambo ya giza. Kanisani kwetu kila mtu ana jina lake la ubatizo. Hilo ndilo tulilogombea bombani. Nilimwita kwa jina mbele ya watu, akanimwagia maji ya ndoo nzima."

"Si habari ya watoto?"

Priscila aliacha kumenya. "Watoto wangu walikufa kwa malaria. Daktari alinionyesha karatasi na akanieleza. Nami nilikwenda nikamweleza Adelfina, kwa sababu watu walikuwa wameanza kumsema. Alilia siku hiyo. Alisema mimi ndiye mtu wa kwanza kuja kumwambia hivyo." Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye utomvu. "Nilikuwa kwenye mkesha wa maombi moto ulipowaka. Ningekuwa karibu, waya ule ningeufungua kwa meno."

"Kiwanja chake sasa ni cha nani?"

"Alimwachia Frednand. Lakini Frednand ameshasema hajengi hapo. Nani atajenga kwenye kiwanja cha mchawi? Hata mafundi hawatakuja. Shemeji yangu Xavery amesema atatusaidia kukitunza."

"Xavery mwenyekiti?"

"Huyo huyo. Mume wa wifi yangu Francisca."

Ng'washi aliaga. Kiwanja kile kilikuwa kimepakana na stendi ya mabasi; alikuwa amepita hapo mara nyingi akiona abiria wa kwenda Burundi wanalala barabarani kwa kukosa nyumba ya wageni. Lakini mtu kujitolea kutunza kiwanja si kosa, na Xavery alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, ndiye aliyemkamata Nduwayo kwa mikono yake akamleta kituoni.

Njiani Jovitus alianza kuvuta miguu. Alikuwa na ombi.

"Afande, nilitaka nikuombe ruhusa ya siku mbili. Kuna mgonjwa Nyabusozi."

"Nani?"

"Yule mama wa nyumba ya mawe. Karibu na kisima."

"Mama gani?"

"Yule mwenye ng'ombe mwekundu."

"Konstebo, nitampa ruhusa ng'ombe? Anaitwa nani?"

Jovitus alitabasamu kwa aibu, mzee wa watu, mashavu yote yakapanda. "Ni mama wa mke wangu, Afande. Jina utamuuliza mke wangu."

"Wewe hulijui?"

"Nalijua. Nimeoa miaka mingi sijalitamka, nitalitamka leo barabarani? Huku kwetu mkwe hamtaji mkwe wake. Ni kumvua nguo."

Ng'washi alisimama. Hata kwao Usukumani mkwe hutembea kwa adabu, na ndiyo maana alijikasirikia kwa kutolisikia mapema. Yule mama wa nyumba ya mawe. Yule bibi wa bati jekundu. Nduwayo hakulificha jina la marehemu, hakupewa jina hilo. Alipewa habari zote na mtu ambaye mdomo wake hauwezi kulitamka. Watu wa namna hiyo kwa Adelfina walikuwa wawili tu duniani. Mmoja alikuwa ametoka kulitamka mbele yao mpaka Jovitus akakasirika.

Alikumbuka maelezo ya yule wa pili alipomleta Nduwayo kituoni. Marehemu. Yule mama. Mzazi wetu. Siku ile alidhani ni heshima ya mtu aliyefiwa, na kweli ilikuwa heshima. Xavery aliweza kumfungia mama mkwe wake mlango kwa waya, ila kumtaja jina kulimshinda.

"Ruhusa umepata," alimwambia Jovitus. "Utaondoka tukishamaliza jambo moja."

*

"Xavery," Ng'washi alisema, kabla hata Nduwayo hajakaa.

Nduwayo alitazama mlango. Kisha akaweka mikono usoni, na sauti ile nene ikatoka vipande vipande.

"Mke wangu yuko kwenye migomba yake, Afande. Esperansia. Ana mimba kubwa. Tulitoroka kambini waliposema kambi inafungwa na wote tutarudishwa. Mwenyekiti alituficha. Alisema atatutafutia barua ya kukaa nchini."

"Akakuomba nini?"

"Utani tu. Alinihadithia habari za yule bibi, akasema nimtie kwenye picha yoyote ya kutisha. Nilimwonyesha mwanzo wa ule wimbo mchana bandani, milango imefungwa, akasema huo huo. Nilishangaa, kwa sababu hata kwetu mama mkwe hataniwi. Lakini mtu anayekuficha humuulizi maswali."

"Jioni ile alikuwapo bandani?"

"Alikuja, akasalimia watu, akakaa. Alikuwa ameniambia, nikiinuka tu, weka wimbo, sauti juu, ukiisha urudie. Akainuka. Nikauweka."

"Anasema hakuinuka, na mabenchi yote yanasema hayajui."

"Wao walikuwa wanatazama televisheni. Mtafsiri anasimama mbele, anawatazama wao. Mimi ndiye niliyeiona nafasi yake tupu mpaka moto ulipoitwa."

Ng'washi aliinama mbele. "Utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Na mke wangu?"

"Yaandikishe yote, na kesho hutalala humu. Malori ya kuwarudisha wakimbizi Burundi yanaondoka keshokutwa. Mtakuwa pamoja, uamue mwenyewe kurudi naye au kwenda naye kambi nyingine. Nakuahidi."

Nduwayo aliyaandikisha. Jovitus aliandika mpaka kidole kikaota alama, akamsomea, naye akatia saini kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyewahi kuwa mwalimu.

*

Xavery aliwapokea kwa chai. Alikuwa na kitambaa cheusi mkononi cha msiba. Francisca, mkewe, binti wa marehemu, alikaa pembeni kwenye mkeka.

"Nimekuja kukamilisha maelezo yako, Mwenyekiti. Ulisema wimbo ule uliutazama."

"Mwanzo hadi mwisho. Mara zote mbili, kwa bahati mbaya."

"Ulikaa wapi?"

"Benchi la nyuma."

"Mwishoni bibi arusi anafunua shela. Dijei alisema ni nani?"

Xavery alinyanyua kikombe. Alikunywa kidogo, na Ng'washi alimwacha anywe.

"Alisema ni yule yule mama," alijibu. "Ndiyo maana watu wakapandwa na hasira."

"Bulugu alifanya nini?"

"Bulugu yupi?"

"Watu wote waliokuwa bandani, Mwenyekiti, hata waliosahau mengine, wanakumbuka kandambili ya Bulugu. Wewe tu ndiye hukuiona. Uliona mwanzo mchana, kwa sababu ulionyeshwa. Mwisho hukuuona kamwe, maana wakati huo ulikuwa nyuma ya stendi unazungusha waya."

Xavery aliweka kikombe kwenye sahani yake bila kelele. "Nani amekwambia nilionyeshwa? Mrundi? Utakwenda kortini na neno la mkimbizi?"

"Nitakwenda nalo."

"Huyo Ijumaa hatakuwapo nchini, Afande. Wewe ni mgeni hapa, lakini hilo hata wewe unalijua."

Jovitus alimfunga pingu. Alikuwa akimfahamu Xavery tangu komunyo ya kwanza, na hakumtazama usoni. Walipofika mlangoni Francisca aliinuka kwenye mkeka, akamshika Ng'washi mkono kwa nguvu.

"Dada, nisikilize. Huyo Mrundi hana ndugu hapa. Mkimchukua yeye hakuna atakayelia. Mimi nina watoto wanne, na huyu ndiye baba yao."

"Aliyeungua ni mama yako."

"Namjua aliyeungua. Ameshakufa. Watoto wangu hawajafa." Machozi yalimtiririka lakini hakuuachia mkono. "Mnaye mtu ndani tayari. Mbaki na huyo huyo."

Ng'washi aliubandua mkono ule kidole kimoja kimoja.

*

Mkuu alipiga simu kesho yake. Alipongeza. Alisema kazi kama hii huonekana juu. Kisha akauliza huyo mkimbizi bado anakula chakula cha serikali kwa sababu gani.

"Ni shahidi wangu, mkuu. Bila yeye, nina kandambili tu."

"Ukimfutia shtaka ni mtu aliyekutwa nje ya kambi. Anapanda lori la kesho kama wenzake. Sheria siyo yangu."

"Akivuka mpaka hatarudi. Xavery atatoka baada ya mwezi mmoja, na kiwanja atajenga."

"Basi mtafutie kosa la kumweka ndani, Ng'washi. Mimi nikufundishe kazi?"

Ng'washi aliweka simu mezani. Akilini alimwona bibi anayegonga mlango, na watu wenye ndoo. Kisha akamwita Jovitus, na wakaandika shtaka jipya: kutoka kambini bila kibali, na kuishi nchini isivyo halali. Tarehe ya kutajwa kesi ingekuja baadaye. Dhamana ilihitaji mdhamini mwenye nyumba, na Nduwayo hakuwa na mtu wa aina hiyo Tanzania nzima.

Alipofungua mlango wa mahabusu Nduwayo alikuwa amesimama tayari, shati amelichomekea, viatu miguuni.

"Umempata, Afande?"

"Nimempata. Yuko chumba cha baiskeli."

"Mungu akubariki. Nimesikia sauti yake nikasema, basi, mimi natoka."

"Bado."

Alimweleza. Alimweleza yote bila kupamba, kwa sababu alijua kwamba akianza kupamba atadanganya. Nduwayo alisikiliza akiwa amesimama. Hakumkumbusha ahadi. Ng'washi angependa amkumbushe, apige kelele, amtukane kwa Kirundi, apate kitu cha kujibu.

"Kwa hiyo ningenyamaza ningenyongwa," Nduwayo alisema mwishowe, "na nimesema, nimefungwa."

"Mpaka kesi iishe tu. Mwaka, labda."

"Esperansia yuko wapi?"

"Wamemtoa kwenye migomba jana. Yuko kwenye kituo cha malori. Yeye jina lake limo kwenye safari ya kesho."

Nduwayo alikaa sakafuni akaanza kuvua viatu. Alivipanga ukutani, kimoja kando ya kingine.

"Akisikia niko hai hatapanda. Namjua. Ataruka hata lori likiwa linatembea, ajifiche porini anisubiri, na mimba ile. Watamkamata au atafia huko akijifungua." Alimtazama Ng'washi kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mwambie nimekufa."

"Siwezi kumwambia hivyo."

"Umeweza haya mengine, Afande."

Asubuhi iliyofuata malori yalikuwa yamepangwa kuelekea mpakani, yamejaa magodoro, masufuria na kuku waliofungwa miguu. Esperansia alikuwa chini bado, ameshika mbao za lori la tatu kwa mkono mmoja, anakataa kusaidiwa kupanda. Alipomwona mwanamke wa polisi anakuja peke yake alielewa nusu, na Ng'washi akammalizia nusu iliyobaki kwa maneno machache. Aliyasema kwa sauti ya kazi, ile anayotumia siku zote kupeleka habari za msiba, na ilimtoka vizuri.

Esperansia hakulia. Alikubali sasa wamsaidie, wanawake wawili wakamvuta juu, wakamtengea nafasi kwenye godoro. Alipokwisha kukaa aliinama ukingoni.

"Mmemzika wapi?" aliuliza.

Lori lilikuwa limekwisha kuwashwa. Ng'washi alitazama huku na huku, kisha akamtajia makaburi ya misheni, upande wa chini, karibu na ua.